Madoa ya Wino na Tofauti za Watu Wenye Skizofrenia: Mafunzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kila mwaka, wanachuo wanapofikia sehemu ya saikolojia inayohusu nafsi na tabia ya mtu, hukutana na habari za jaribio la madoa ya wino. Habari hizo huwavutia sana. Wengi hudhani wamepata ufunguo wa kufungulia akili ya mtoto: mwonyeshe doa, sikiliza jibu, kisha toa hukumu. Katika makala hii tunakusudia kueleza jaribio hilo ni nini, lilitumiwaje kuwachunguza watu wenye maradhi ya skizofrenia, lilidhihirisha nini juu ya tofauti zao, na mwisho, mwalimu wa shule ya msingi achukue nini na aache nini.

Kisa kilichotufundisha

Tunayo sababu ya kuandika. Mwaka mmoja, wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru, mwanachuo aliyekuwa chini ya usimamizi wetu alitengeneza madoa matano kwa wino wa kalamu. Aliwaonyesha watoto wa Darasa la Nne mmoja mmoja na kuandika majibu yao. Wengi walisema kipepeo, ndege, ua, au uso wa simba. Mvulana mmoja alijibu "moshi" kwa madoa yote matano. Mwanachuo akaandika katika daftari lake kwamba mtoto huyo anaonyesha dalili za ugonjwa wa akili.

Daftari liliachwa mezani, mtu akalisoma, na kabla ya juma kwisha neno lile lilikuwa limekwisha fika sokoni. Kwa kuwa mama wa mtoto huyo alikuwa amepata kulazwa hospitali kwa skizofrenia, watu hawakutaka ushahidi zaidi. Mvulana akaacha kuja shule.

Tulipokwenda nyumbani kwao tulimkuta bibi yake akichambua maharage. Tulimwamkia, akatuitikia, akatukaribisha viti, na baada ya kutusikiliza akasema, "Walimu wangu, huyu mtoto ndiye anayewasha moto alfajiri na kuwapikia wadogo zake uji. Mnataka aone nini?" Kisha tulimwuliza mtoto mwenyewe ni kitu gani katika yale madoa kilichomfanya aone moshi. Alijibu bila kusita: "Katikati ni peusi, mwalimu, halafu pembeni panapauka pauka kama moshi unapotoka jikoni."

Hilo lilikuwa jibu la mtoto mwangalifu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo kabla. Mvulana alirudi shuleni baada ya majuma mawili, lakini neno lililokwisha semwa halikurudi kinywani. Na kosa halikuwa la mwanachuo peke yake. Sisi wakufunzi tulimfundisha jina la jaribio bila kumfundisha mipaka yake.

Asili ya jaribio

Jaribio la madoa ya wino linalojulikana zaidi duniani lilitungwa na Hermann Rorschach, daktari wa maradhi ya akili wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1884. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuchora, na Rorschach mwenyewe alipokuwa shuleni alipewa na wenzake jina la utani lililohusu doa la wino. Kutengeneza madoa kwa kukunja karatasi ulikuwa mchezo uliopendwa na watoto wa nchi hizo wakati ule.

Yafaa wanachuo wajue kwamba mwalimu wa shule alikuwapo tangu mwanzo wa habari hii. Mwaka 1911 Rorschach alishirikiana na rafiki yake Konrad Gehring, mwalimu, kuwaonyesha wanafunzi madoa na kuchunguza majibu yao. Jambo hilo liliachwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1917 Szymon Hens, mwanafunzi wa udaktari huko Zürich, alitoa tasnifu yake juu ya madoa aliyowaonyesha watoto, watu wazima na wagonjwa wa akili. Hens alijali zaidi watu waliona nini. Rorschach alirudia kazi yake akiwa na swali jingine: watu wanaonaje? Mwaka 1921 alichapisha kitabu chake pamoja na kadi kumi. Kadi tano ni za rangi nyeusi na kijivu, mbili zimeongezwa rangi nyekundu, na tatu ni za rangi mbalimbali. Mwaka uliofuata, 1922, alifariki akiwa na umri wa miaka 37.

Utaratibu wa jaribio una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mtu hupewa kadi moja moja na kuulizwa aseme inaweza kuwa nini. Katika sehemu ya pili mchunguzi hurudia kila jibu na kuuliza: umeliona wapi katika doa, na ni nini hapo kilichokufanya ulione hivyo? Mwanachuo wetu aliiacha sehemu hii ya pili, na bila hiyo majibu hayana maana yoyote.

Baada ya hapo majibu hupangwa. Mchunguzi huangalia mahali: je, mtu ametumia doa zima, sehemu iliyo wazi, au kipande kidogo ambacho wengine hawakioni? Huangalia sababu ya jibu: je, ni umbo, rangi, weusi na weupe, au mwendo, kama mtu anaposema anaona watu wanacheza ngoma? Huangalia kama umbo linaloelezwa linapatana kweli na doa. Mwisho huangalia kitu chenyewe kilichotajwa, kama ni mnyama, mtu, au mawingu. Hivyo jibu moja la "moshi" au "damu" halitoshi kumhukumu mtu. Kinachopimwa ni mpangilio wa majibu mengi.

Jina moja, watu wengi

Skizofrenia ni maradhi ya akili yanayogusa fikra, hisia na utambuzi wa mambo. Si kweli kwamba mgonjwa ana nafsi mbili, kama wengi wanavyodhani. Mgonjwa aweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwa nguvu jambo lisilo na msingi, kwa mfano kwamba majirani wote wamekula njama dhidi yake. Maneno yake yaweza kukosa mfuatano. Aweza pia kupoteza hamu ya kazi, kunyamaza, na kujitenga na jamaa zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja katika kila watu 300 hivi duniani ana maradhi haya. Kwa kawaida huanza katika ujana, kati ya mwisho wa miaka ya kumi na miaka ya ishirini. Kwa watoto wa umri wa shule ya msingi ni nadra sana.

Jina la skizofrenia lilitolewa mwaka 1908 na Eugen Bleuler wa Zürich, ambaye ndiye aliyemsimamia Rorschach katika tasnifu yake ya udaktari. Kabla yake Emil Kraepelin wa Ujerumani aliyaita maradhi haya kwa jina lenye maana ya akili kuchakaa mapema, akiamini kuwa mwisho wake huwa mbaya. Bleuler hakukubaliana naye kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alitumia wingi: kundi la skizofrenia. Kwa wingi huo alionyesha kwamba wagonjwa wanaopewa jina moja hawafanani, na kwamba wako wanaopata nafuu.

Rorschach alirithi swali hilo. Kati ya watu 405 ambao majibu yao aliyatumia katika kitabu chake, 188 walikuwa na skizofrenia, na 117 walikuwa watu wazima wa afya. Kwa hiyo karibu nusu ya kazi ile ilisimama juu ya watu wenye maradhi haya. Baadhi yao walitoa majibu ambayo hayakupatana na umbo la doa. Wengine waliunganisha vitu viwili vilivyoonekana mahali pamoja na kuvifanya kitu kimoja: kwa mfano, mtu huona chura na nyumba katika kipande kile kile, naye badala ya kusema "ni chura, au ni nyumba," husema ni chura-nyumba. Wengine walikataa baadhi ya kadi. Na wako ambao majibu yao mengi hayakuwa na tofauti na ya watu wa afya. Wote hao walikuwa na jina moja katika vitabu vya hospitali.

Kwa miaka mingi waganga walijaribu kuzigawa tofauti hizo katika aina, wakizungumzia skizofrenia ya kushuku watu, ya kukakamaa, ya kuvurugika, na kadhalika. Mgawanyo huo haukudumu. Mgonjwa yule yule aliweza kuwa wa aina hii mwaka huu na wa aina ile mwaka ujao. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliziacha aina hizo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umefanya vivyo hivyo. Siku hizi mganga huangalia kila dalili na uzito wake kwa mgonjwa aliye mbele yake. Wahenga wetu walikwisha sema: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Madoa ya wino katika Afrika ya Mashariki

Kadi za Rorschach zimepata kufika kwetu. Mwaka 1961 na 1962 Robert Edgerton, mwanaanthropolojia wa Marekani, alizitumia pamoja na maswali na picha nyingine alipowahoji Wahehe wa Tanganyika, Wakamba na Wapokoti wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Katika kila kabila waliulizwa wakulima na wafugaji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971. Yeye hakuwa akitafuta wagonjwa. Alitaka kujua jinsi kazi na mazingira yanavyomjenga mtu.

Hata hivyo, katika safari ile ile aliwauliza watu wa makabila hayo manne wanamtambuaje mwenye wazimu, na mwaka 1966 alichapisha majibu yao. Juu ya dalili walipatana kwa kiasi kikubwa, na dalili walizotaja hazikuwa mbali na zile za vitabu vya hospitali. Walipoulizwa chanzo na tiba ndipo walipoachana. Wapo waliotaja uchawi, na wapo waliotaja mdudu aliye ubongoni. Wapo waliotumaini tiba, na wapo waliokata tamaa. Hapo twaona kwamba mgonjwa hupokewa kwa namna tofauti kufuatana na jamii aliyozaliwa, hata kama dalili zake ni zile zile.

Lakini si wote waliokuja kuchunguza akili za Waafrika waliokuja kwa unyenyekevu. J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Huo ulikuwa ubaguzi uliovaa koti la sayansi. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, alijibu kwa kazi. Mwaka 1955 alionyesha, kwa kuwachunguza Wayoruba wenye maradhi ya kushuku watu, kwamba dalili za wale waliosoma zilitofautiana na za wale wa vijijini ambao hawakusoma. Chanzo cha tofauti kilikuwa maisha ya mtu. Hakikuwa rangi ya ngozi yake.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia wagonjwa katika nchi tisa, mojawapo ikiwa Nigeria. Maradhi yalitambulika kote, lakini mwenendo wake haukuwa mmoja, na wagonjwa wengi wa Ibadan na wa Agra huko India walipata nafuu kuliko ilivyotarajiwa. Sababu zake bado zinajadiliwa na wataalamu.

Fundisho jingine latoka Zambia. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti juu ya watoto wa Zambia na wa Uingereza walioombwa kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia hutengenezea magari ya kuchezea, wa Zambia waliwashinda. Kwa udongo walilingana. Laiti mchunguzi angaliishia kwenye karatasi, angaliondoka akisema kuwa watoto wa Zambia hawaoni maumbo sawasawa. Mwalimu na akumbuke hayo kila atoapo jaribio lo lote, hata la hesabu.

Nguvu na udhaifu wa jaribio

Je, madoa ya wino ni kitu cha kuaminiwa? Hatuna budi kujibu kwa haki. Wataalamu wengi wamelikosoa jaribio hili. Wamesema kwamba wachunguzi wawili waliweza kusoma majibu yale yale kwa namna mbili, na kwamba vipimo vilivyotumika viliwafanya watu wengi wa afya waonekane kama wagonjwa. Mwaka 1974 John Exner wa Marekani alitoa mfumo mmoja wa kuhesabu majibu ili kupunguza mvurugano, lakini mabishano hayakwisha. Mwaka 2013 Joni Mihura na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizokwisha fanywa na kuvipima vipimo 65 vya mfumo huo. Vingine havikupata ushahidi wa kutosha. Vilivyosimama imara zaidi ni vile vinavyohusu utambuzi wa maumbo na mfuatano wa fikra, yaani mambo yale yale yanayovurugika katika skizofrenia.

Kwa hiyo jaribio lina nguvu mahali pamoja na ni dhaifu mahali pengi. Hata pale penye nguvu, latakiwa litolewe na mtu aliyefundishwa kwa muda mrefu, naye halitumii peke yake. Huunganisha na mazungumzo, historia ya mgonjwa na habari za jamaa zake. Mwalimu hana mafunzo hayo. Kwake kutumia madoa ya wino kutafuta ugonjwa ni sawa na mtu kutoa dawa kwa kuangalia rangi ya kopo.

Doa la wino darasani

Tukiisha kuliondoa katika kazi ya uganga, doa la wino laweza kurudi shuleni kama lilivyokuwa hapo awali, yaani mchezo wa watoto wenye mafunzo ndani yake. Tunapendekeza hatua hizi:

1. Kila mtoto akunje karatasi katikati na kuikunjua. Adondoshe wino upande mmoja. Pasipo wino, mkaa uliosagwa au udongo mweusi wa mlima wetu uliokorogwa na maji utafaa.

2. Aikunje tena, aibonyeze, aikunjue na kuianika. Katika somo la hesabu mwalimu aonyeshe mstari wa ulinganifu, na watoto wapime umbali wa alama toka kila upande wa mstari.

3. Katika somo la Kiswahili kila mtoto aandike sentensi tatu: naona nini, nakiona wapi, kwa nini nasema hivyo. Sentensi ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa, maana yamzoeza mtoto kutoa sababu.

4. Watoto wawili wabadilishane karatasi, kila mmoja aeleze doa la mwenzake. Mwalimu asiseme jibu hili ni sahihi na lile si sahihi, wala asiandike po pote neno la kumpima mtoto akili.

Mwalimu asitumie kadi za Rorschach zenyewe. Zina kazi yake kwa wagonjwa, na huharibika kwa kuzoeleka.

Mwishoni mwa somo mwalimu aweza kuwaeleza watoto habari za Mlima Meru. Anayeutazama akiwa jijini Arusha, upande wa kusini, huona kilele kilichochongoka. Anayeutazama kutoka Momela, upande mwingine, huona ukuta wa mlima umebomoka na kuacha shimo kubwa lililo wazi kuelekea mashariki, na ndani yake kilima cha majivu ya volkano. Mtoto wa mjini na mtoto wa Momela wakichora mlima huo, picha zao hazitafanana, na hakuna aliyekosea.

Mwalimu na mtoto mwenye shida

Pengine mwanachuo atauliza: ikiwa sitatumia madoa, nitamtambuaje mtoto mwenye shida ya akili? Jibu ni kwamba kazi ya mwalimu ni kuona mabadiliko, na kutambua ugonjwa ni kazi ya mganga. Mtoto aliyekuwa akicheza ameanza kujitenga, aliyekuwa akisoma vizuri ameporomoka, anaongea na mtu asiyeonekana huku ana hofu, halali usiku. Mwalimu aandike alichokiona na tarehe yake, bila kukipa jina la ugonjwa. Aandike "Jumatatu alikaa chini ya mti wakati wa mapumziko, akasema anasikia mtu anamwita," wala asiandike "ana wazimu." Homa kali ya malaria, kifafa, njaa, kupigwa, na msiba nyumbani vyaweza kuleta mambo yanayofanana na hayo.

Kisha amweleze mwalimu mkuu, na kwa pamoja waongee na wazazi kwa heshima na faragha. Mtoto apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo, ikihitajika, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Arusha ni Hospitali ya Mount Meru. Nchi yetu pia inayo hospitali ya Mirembe huko Dodoma kwa maradhi ya akili. Tusiwashawishi wazazi kumfungia mtu ndani. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Zaidi ya hayo, kwa kuwa skizofrenia huanza ujanani, mwalimu wa shule ya msingi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumfundisha mtoto ambaye mama, baba au kaka yake ni mgonjwa, kuliko mtoto aliye mgonjwa mwenyewe. Mtoto huyo ahitaji mambo matatu. Asiitwe kwa ugonjwa wa mzazi wake, na mwalimu asikubali neno "kichaa" litumike darasani kama tusi. Aambiwe kwamba mzazi ni mgonjwa, kwamba dawa zipo, na kwamba si yeye aliyemfanya augue. Na shule ijue mzigo wake wa nyumbani, ili akichelewa aulizwe kabla ya kuadhibiwa.

Yule mvulana wa Darasa la Nne alikuwa akichelewa mara kwa mara, na kitabu cha mahudhurio kilionyesha hivyo tangu mwanzo wa muhula. Habari za uji na moto wa alfajiri zilikuwamo ndani ya kitabu hicho kwa mtu ambaye angeuliza. Wanachuo wetu, kabla ya kutafuta kadi za kutoka ng'ambo, someni kwanza kitabu cha mahudhurio.